Uso wa Audrey, Sauti ya Mwingine

Wapenzi wa sinema za nyimbo wanaijua “My Fair Lady” ya mwaka 1964: kisa cha Eliza, muuza maua wa London, anayefunzwa na Profesa Higgins matamshi ya kibwanyenye hata watu wakamdhania binti wa mfalme.

Mchezo huu ulianzia jukwaani New York mwaka 1956, na Eliza alikuwa Julie Andrews, mwimbaji hodari. Lakini Jack Warner, tajiri wa filamu, alimnyima nafasi kwa kuwa hakuwa na jina katika sinema. Akampa Audrey Hepburn, kwa dola milioni moja.

Audrey alijifunza nyimbo, akaimba. Wapi! Nyingi zilifutwa, ikatiwa sauti ya Marni Nixon, ambaye hata jina lake halikuandikwa. Na kisa chenyewe, msomaji, ni cha mwanamke kuvishwa ulimi usio wake!

Mwaka 1965 filamu ilizoa tuzo 8 za Oscar. Audrey hakupendekezwa hata kushindania. Aliyetuzwa mwigizaji bora wa kike ni Julie, kwa “Mary Poppins”. Naye alipopokea Golden Globe mwaka huo huo, hakusahau kumshukuru Bwana Warner.