MTOTO NJITI ANAYECHOKA KUNYONYA

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu yake. Hewa safi huipata katika damu ya mama. Kwa hiyo karibu na moyo wake kuna mshipa mfupi. Mshipa huo huipitisha damu pembeni, isiingie nyingi mapafuni.

Mtoto akizaliwa huanza kupumua. Mshipa huo hauna kazi tena. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, hujifunga wenyewe katika siku chache. Lakini kwa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, huweza kubaki wazi. Damu nyingi huingia mapafuni, na moyo hulemewa.

Utamtambuaje mtoto huyo? Hupumua haraka haraka. Huchoka na kutoka jasho anaponyonya. Uzito wake hauongezeki. Usiseme ni mvivu. Wala hakurogwa. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Je, ugonjwa huu unatibika? Ndiyo. Kwa watoto wengine mshipa hujifunga baadaye, daktari akiwaangalia. Wengine hupewa dawa hospitalini. Usimpe dawa yoyote wewe mwenyewe. Wengine hupasuliwa. Upasuaji wa kwanza wa namna hii ulifaulu mwaka 1938 huko Boston, Marekani. Siku hizi mshipa huu hufungwa hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Mama na baba, mbebeni mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto. Anyonye maziwa ya mama. Msikose kliniki hata mara moja.