Shafti Moja Yagharimu Kiasi Gani? Kukadiria Gharama za Vipuri kwa Kompyuta

Kila kitu kilichotengenezwa na binadamu kina bei mbili: ile anayoilipa mnunuzi, na ile gharama iliyomfika mtengenezaji. Ya kwanza huonekana na watu wote. Ya pili hufichika, na aghalabu hata mtengenezaji mwenyewe haijui. Makala haya yaeleza jinsi gharama hiyo iliyofichika inavyoweza kukadiriwa, na jinsi programu ya kompyuta inavyopaswa kupangwa ili itoe jibu la kuaminika.

Jambo hili si geni katika nchi ya Buhaya. Uchunguzi wa akiolojia uliofanywa Katuruka na Kemondo umeonyesha kwamba chuma kilikuwa kikiyeyushwa huko yapata miaka 2,000 iliyopita. Myeyushaji wa zamani hakuwa na daftari, lakini hakuweza kuwasha tanuri bila kwanza kupima moyoni makaa yatakayoteketea, siku za watu wa kuvukuta, na hatari ya kazi nzima kuharibika. Mali, muda na hasara: mambo hayo matatu ndiyo msingi wa makadirio hata leo.

Mfano wa karakana ya Kagoma

Mkoa wa Kagera hulima hasa kahawa ya robusta, ambayo hukaushwa pamoja na maganda yake, kisha hukobolewa kwa mashine. Ndani ya mashine ya kukoboa mna shafti, yaani mhimili wa chuma unaozungusha ngoma. Shafti ikilika au ikipinda wakati wa msimu, kazi husimama na magunia hurundikana. Kwa hiyo fundi aliye karibu mwenye mashine ya kukereza chuma ni mtu wa maana sana.

Ichukuliwe kwamba karakana ya namna hiyo ipo Kagoma, kwenye barabara iendayo Biharamulo na Lusahunga, na kwamba imeombwa itengeneze shafti kumi. Karakana hii ni ya mfano tu, na bei zake zote zimechaguliwa ili hesabu ieleweke. Mwalimu aweza kuziondoa na kuweka za mahali pake.

Chuma kinachonunuliwa ni cha duara, chenye kipenyo cha milimita 50, nacho hukatwa vipande vya milimita 600. Ujazo wa kipande kimoja ni sentimita za ujazo 1,178. Kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya chuma hicho ina uzito wa gramu 7.85, kipande kizima kina kilo 9.25. Shafti ikisha kukerezwa hadi kipenyo cha milimita 45 na urefu wa milimita 590, hubaki na kilo 7.37. Karibu kilo 1.9 zimedondoka chini ya mashine. Mwanzo wa makosa ni hapa: anayepima shafti iliyokwisha kutengenezwa husahau kwamba alilipia pia chuma kilichodondoka. Kadhalika bei ya kilo iwe ile ya chuma kilichokwisha kufika karakanani, nauli ikiwa ndani yake, wala si bei ya dukani Mwanza. Kwa shilingi 4,000 kwa kilo, chuma cha shafti moja ni shilingi 37,000.

Saa moja ya mashine

Sehemu ya pili ni muda. Mnamo 1901 mhandisi Mwingereza Alexander Hamilton Church aliandika kwamba gharama za kiwanda zisigawanywe kwa kukisia, bali kila mashine ihesabiwe kama karakana ndogo inayojitegemea, yenye gharama yake kwa saa. Fikra hiyo ingali moyo wa programu nyingi za makadirio.

Mashine ya kukereza iliyonunuliwa kwa shilingi 24,000,000 na kutarajiwa kudumu miaka 10, ikifanya kazi hasa saa 1,200 kwa mwaka, hupungua thamani kwa shilingi 2,000 kila saa. Huu ndio uchakavu. Matengenezo na mafuta, shilingi 600,000 kwa mwaka, huongeza shilingi 500 kwa saa. Umeme, ikiwa mashine hutumia kilowati 3 na uniti moja ni shilingi 300, huongeza 900. Fundi alipwaye 420,000 kwa mwezi, huku saa zake za kukereza zikiwa 100, hugharimu 4,200 kwa saa. Pango, mlinzi na leseni, jumla 240,000 kwa mwezi, huongeza 2,400. Jumla yake ni shilingi 10,000 kwa saa.

Msomaji atauliza: kwa nini saa 100, ilhali fundi huwapo kazini saa 168 kwa mwezi? Sababu ni kwamba saa nyingine huliwa na kunoa visu, kusubiri mali, kuzungumza na wateja na kungoja umeme urudi. Saa hizo nazo hulipwa, na hakuna wa kuzilipa ila zile saa zilizotoa kazi.

Muda wenyewe una sehemu mbili. Matayarisho, yaani kusoma mchoro, kufunga visu na kupima, huchukua saa 1 kwa kila mkupuo wa kazi. Kukereza huchukua dakika 45, yaani saa 0.75, kwa kila shafti. Mwisho huja hasara: kwa wastani shafti moja katika 20 huharibika, na zile 19 nzima hapana budi zibebe gharama yake.

Kanuni moja

Mambo hayo yote huunganishwa hivi:

G = [M + R × (T ÷ N + t)] ÷ (1 − h)

G ni gharama ya shafti moja nzima. M ni mali. R ni gharama ya saa. T ni saa za matayarisho. N ni idadi ya shafti katika mkupuo. Herufi ndogo t ni saa za kukereza shafti moja. Na h ni sehemu inayoharibika, hapa 0.05.

N ikiwa 10, gharama ni shilingi 47,895. N ikiwa 1, gharama hupanda hadi 57,368, maana saa nzima ya matayarisho hubebwa na shafti moja.

Sasa na ilinganishwe na hesabu ya kichwani. Fundi hujumlisha chuma, 37,000, na ujira wa dakika 45 kwa kufuata saa zake 168 za mwezi, ambao ni 1,875. Hupata 38,875. Akiuza kwa 45,000 huona amepata faida ya shilingi 6,125. Kwa kweli, katika kila shafti ya mkupuo wa kumi amepoteza shilingi 2,895. Wala kuongeza kazi hakumwokoi: hata N iwe kubwa namna gani, gharama haishuki chini ya 46,842. Kadiri anavyopata wateja, ndivyo anavyozidi kupoteza.

Hasara hiyo haionekani upesi, kwa sababu anayeilipa ni mashine. Fedha zilizopaswa kuwekwa akiba kwa ajili ya mashine nyingine zimekwisha kutumiwa kama faida. Mkulima wa Buhaya ajua kanuni hii kibanjani: akatapo mkungu huacha machipukizi yatakayozaa baadaye. Karakana isiyohesabu uchakavu ni sawa na shamba linalokatwa migomba na machipukizi yake pamoja. Mwaka wa kwanza chakula huwa tele.

Kuipanga programu

Hesabu hii yaweza kufanywa kwa kalamu, lakini karakana yenye vipuri mia haiwezi kuirudia kila bei inapobadilika. Tangu 1979, ilipotokea VisiCalc, programu ya majedwali iliyobuniwa na Dan Bricklin na Bob Frankston, namba moja iliyobadilishwa hubadilisha zote zinazoitegemea. Katika miaka ya 1980 Geoffrey Boothroyd na Peter Dewhurst huko Marekani walitoa programu zilizomwezesha mhandisi kukadiria gharama za kipande kikiwa bado mchoro tu, wakati kukibadilisha ni kufuta mstari.

Programu yoyote itumiwayo, iwe ya kununua au jedwali la kawaida, yafaa ipangwe katika sehemu tatu. Ya kwanza ni orodha ya mali, kila bei ikiwa na kipimo chake na tarehe iliyoandikwa. Ya pili ni orodha ya mashine, kila moja na gharama yake ya saa. Ya tatu ni orodha ya vipuri, ambamo kila kipuri hutajwa mali yake, kazi zake kwa mfuatano, muda wa kila kazi na sehemu inayoharibika. Katika orodha hii ya tatu bei isiandikwe kamwe. Iitwe kutoka katika zile mbili. Hivyo bei ya chuma ikipanda hurekebishwa mahali pamoja, na vipuri vyote vikafuata.

Makosa ya kuepukwa ni mawili hasa. La kwanza ni kuchanganya vipimo, kwa mfano kuandika 45 mahali panapotaka saa. La pili ni kuhesabu kitu mara mbili, kama umeme kuwekwa ndani ya gharama ya saa na tena ndani ya pango. Zaidi ya hayo, wingi wa tarakimu usimdanganye mtu. Kompyuta yaweza kuandika 47,894.74, lakini kosa la dakika kumi katika muda wa kukereza hubadilisha jibu kwa zaidi ya shilingi 1,700. Dawa yake ni saa ya ukutani na daftari: muda uliotumika kweli uandikwe, ulinganishwe na uliokadiriwa, na orodha isahihishwe.

Namba yenye nguvu kuliko zote katika gharama ya saa ni saa za kazi. Umeme ukikatika mara kwa mara hata saa 1,200 za mwaka zikawa 800, gharama ya saa hupanda kutoka 10,000 hadi 14,550, ingawa hakuna bei hata moja iliyobadilika. Shafti ya mkupuo wa kumi sasa hugharimu 51,966. Aliyekuwa akiuza kwa 50,000 na kupata faida kidogo ameingia katika hasara bila kusikia kishindo.

Zoezi la darasani

Wanafunzi na watafute idadi ndogo kabisa ya shafti katika mkupuo itakayoiwezesha karakana kuuza kwa shilingi 50,000 bila hasara. Kwa saa 1,200 za mwaka watapata 4. Kisha waweke 14,550 mahali pa R. Wataona kwamba hakuna idadi yoyote inayotosha: bei yenyewe haina budi kupanda, au muda wa kukereza upunguzwe, au saa zilizopotea zirudishwe. Ni lipi kati ya hayo linawezekana, kompyuta haiwezi kusema. Hilo ni la fundi na wateja wake kuamua, lakini sasa wataamua wakiwa na hesabu mkononi.