Nguzo za Mufindi na Mpunga wa Madibira

Apitaye barabara itokayo Mafinga kwenda Rujewa huona kazi mbili za Nyanda za Juu Kusini zikifuatana. Huko juu Mufindi huona misonobari na mikaratusi ya Sao Hill, na viwanja ambamo nguzo za umeme hurundikwa baada ya kutiwa dawa. Kisha huteremka hadi tambarare ya Usangu, na hapo Madibira hukuta majaruba ya mpunga, yapata hekta 3,000, yanyweshwayo na mto Ndembera. Ni wachache wanaofikiri kwamba kazi hizo zina uhusiano. Lakini mto huo huteremka kutoka nyanda zile zile za misitu.

Dawa ya nguzo, ile iachayo rangi ya kijani, mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki. Shaba huzuia kuoza, aseniki huua wadudu, na kromi huzishikiza zote mbili ndani ya mti. Si kazi ya kulaumiwa, maana nguzo isiyotiwa dawa huliwa na mchwa upesi. Lakini aseniki ni kama chuma au dhahabu: haiozi wala haiishi nguvu kwa kupita miaka. Itakapodondoka, hapo itakaa. Zamani majosho mengi ya ng'ombe katika Afrika Mashariki na Kusini yalitiwa sumu hiyo hiyo ili kuua kupe, na udongo wa josho la namna hiyo haujitakasi wenyewe hata likifunikwa na nyasi.

Hatusemi kwamba majaruba ya Madibira yameharibika, wala hatumshitaki mtu. Twasema kwamba mpunga huivuta sumu hii kuliko mahindi au ngano, na sababu yake ni maji. Katika udongo mkavu aseniki hushikamana na kutu ya chuma, ile ile iufanyayo udongo wetu kuwa mwekundu. Shamba likifurikwa siku nyingi hewa hukatika, kutu huyeyuka, na aseniki hufunguliwa. Sasa mizizi ya mpunga ina njia maalumu za kupitisha silika, kitu kinachoyapa majani ukali wa kukata mkono. Na mwaka 2008 wataalamu wa Japani pamoja na Jian Feng Ma walibainisha kwamba aseniki ya majini hupita katika njia hizo hizo. Mmea hudanganyika, ukaingiza adui kwa kumdhania rafiki.

Mpunga uliodhurika sana huonekana: masuke husimama wima badala ya kuinama, kwa kuwa yamejaa mapepe. Jambo hili liliwapata wakulima wa kusini mwa Marekani waliopanda mpunga katika mashamba ya zamani ya pamba, yaliyokuwa yakinyunyiziwa dawa za aseniki. Hata hivyo mapepe huletwa pia na baridi, ukame na magonjwa, basi jicho halitoshi. Na la kutisha zaidi ni mpunga ulio mzuri machoni huku punje zimebeba sumu. Ndiyo maana mwaka 2014 kamati ya mataifa ya kanuni za vyakula, Codex, iliweka kikomo cha miligramu 0.2 za aseniki isiyo ya kikaboni katika kilo moja ya mchele mweupe. Mtu ailaye kidogo kidogo kwa miaka mingi hupata madoa na ugumu wa ngozi, na mwishowe huweza kupata saratani.

Je, udongo ukishachafuka husafishwaje? Mahali padogo, kama kiwanja cha nguzo au josho la kale, hufukuliwa udongo ukazikwa mahali salama. Mwaka 2001 Lena Ma na wenzake walitangaza kwamba huko Florida, penye kiwanja cha kutia mbao dawa, waliona kangaga liitwalo Pteris vittata likinyonya aseniki na kuirundika majanini bila kufa. Kangaga hilo humea hata Afrika. Lakini kazi yake huchukua miaka, na majani yakivunwa yenyewe ni sumu. Asiyakate mtu akalishe mbuzi!

Jaruba halifukuliwi. Hapo dawa ni kuyaacha maji yakauke kwa vipindi kisha kuyarudisha, jambo ambalo pia laokoa maji ya bonde ambalo mto wake mkuu, Ruaha, ulianza kukauka kila kiangazi katika miaka ya 1990. Tena pumba zinazorundikana penye mashine za kukoboa zina silika tele. Zikirudishwa shambani, mizizi hushiba silika na aseniki hupungua katika punje.

Tunalotaka ni udongo na maji kupimwa kandokando ya viwanja vya nguzo na majosho ya kale, na majibu yasomwe mbele ya wakulima. Na katika kila nyumba, vipande vya nguzo za kijani visitiwe mekoni. Moto hauiteketezi aseniki: nyingine hupanda na moshi, nyingine hubaki katika jivu, lile jivu ambalo mama hulichota asubuhi akalimwaga kwenye mboga.