Mguu wa Kuku: Maana na Asili ya Jina la Silaha

Katika misimu ya Kiswahili, bastola huitwa "mguu wa kuku". Asiyeujua msimu huu hudhani kwamba panazungumzwa kitoweo. Aujuaye hutambua hatari. Kwa hiyo jina hili hufanya kazi mbili: huficha habari kwa wasiohusika, na hulipunguzia neno ukali wake.

Msingi wake ni sitiari ya umbo. Mpini wa bastola hukutana na mtutu kwa pembe, mfano wa mguu wa kuku uliokunjika kwenye goti.

Je, huo ni uharibifu wa lugha? Historia ya pwani ya Kilwa na Lindi yatoa jibu. Wareno wa Francisco de Almeida walipoiteka Kilwa mwaka 1505, walikuja na silaha ambayo Kiswahili huiita "mzinga". Neno hilo ni jina pia la gogo lililotobolewa ili nyuki waweke asali. Silaha ndefu yenye uwazi ndani ilifananishwa na chombo cha mfugaji nyuki, na leo hakuna auitaye mzinga msimu. "Bunduki" nayo yatokana na neno la Kiarabu lililotaja tunda dogo gumu la mviringo, kisha gololi ya kurushwa, na hatimaye silaha yenyewe. "Risasi" ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kinachoua. Msimu wa leo, basi, wafuata njia ya kale.

Hata hivyo, jina halibadili kitu. Mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi waliivamia Somanga, iliyoandikwa "Samanga" katika kumbukumbu za Wajerumani. Wapiganaji wa Maji Maji waliahidiwa kwamba risasi zingegeuka maji; zilibaki risasi.

Ndiyo maana mtafiti hapaswi kuandika maana ya msimu pekee, bali pia nani aliutamka, kwa nani, na katika hali gani. Tangu mwaka 2021, sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Shahidi akisema alionyeshwa mguu wa kuku, haki ya mtu yaweza kutegemea kamusi iliyolichukulia neno la mtaani kwa uzito unaostahili.