Plastiki Inayotembea kwa Mwanga

Nafunga paneli za sola Dodoma, na kiangazi vumbi ndilo linalonisumbua kuliko kitu kingine. Napanda paa nakuta kioo kimekuwa rangi ya udongo, huku chini mwenye nyumba analalamika kuwa betri haijai. Ndiyo maana utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2017 ulinivutia sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, na wenzao wa Marekani, walitengeneza ukanda mwembamba wa plastiki ambao ukimulikwa hujongea wenyewe na kusukuma mchanga uliomwagwa juu yake. Hauna mota, waya wala betri.

Kazi yote inafanywa na molekuli iitwayo azobenzini. Kwa kawaida imenyooka. Ikipigwa na mwanga wa urujuanimno hujikunja katikati, kama mkono unavyokunjwa kwenye kiwiko. Ikipata joto au mwanga unaoonekana, hunyooka tena. Hilo limejulikana tangu 1937. Lakini molekuli moja ikijikunja, nani ataona? Wanasayansi wakazifunga ndani ya polima ambayo molekuli zake zimepangwa kuelekea upande mmoja. Azobenzini zikijikunja kwa pamoja, mpangilio huo huvurugika na kipande kizima hufupika. Mwaka 2001 kundi la Heino Finkelmann, Ujerumani, lilipata kusinyaa kwa asilimia 20. Mwaka 2008 Wajapani wakiongozwa na Tomiki Ikeda wakazungusha mkanda kwenye magurudumu kwa mwanga mtupu.

Ukanda wa Eindhoven ndio ninaoupenda zaidi. Umebanwa ncha zote mbili kwenye kitako kifupi kuliko urefu wake, kwa hiyo lazima uinuke kigongo. Taa inamulika kutoka upande mmoja. Sehemu iliyopata mwanga hubadilika umbo na kukisogeza kigongo. Kigongo kikisogea, sehemu hiyo huingia kivulini na kurudia hali yake, na mwanga unaangukia nyingine. Taa haizimwi wala haihamishwi, lakini mawimbi yanafuatana, takriban nusu sentimeta kwa sekunde.

Watafiti wenyewe walitaja paneli za sola kuwa mahali ambapo ukanda huo unaweza kutumika. Bado ni mdogo, wa kukaa kwenye kiganja, na nguvu yake haitoshi kazi nzito. Nawaomba wanafunzi wetu wa kemia waufuatilie: jua tunalo, na vumbi la kuujaribia halijawahi kutupungukia.