Wimbo Kabla ya Kulala

Leo ninasema hasa nanyi wazazi wa Thika na Ruiru mnaotoka nyumbani kabla ya mapambazuko kwenda kazini Nairobi, na kurudi watoto wakiwa wanasinzia. Najua mtaniuliza, "Mchungaji, saa ya kuwafundisha Neno la Mungu tutaitoa wapi?" Basi tuzungumze juu ya nyimbo.

Mwaka 1848 huko Ireland, Cecil Frances Humphreys, ambaye miaka miwili baadaye aliolewa na kasisi William Alexander, alitoa kitabu cha nyimbo za watoto wadogo. Alitaka waelewe yale wanayokariri katika Imani ya Mitume. Kwa Mungu Muumba, alitunga wimbo wa viumbe vizuri. Kwa kuzaliwa na Bikira, alitunga wimbo wa mtoto aliyelazwa horini katika mji wa Daudi. Kwa mateso chini ya Pontio Pilato, wimbo wa kilima kibichi nje ya mji. Tazameni hekima yake! Mtoto wa Thika anakijua Kilimambogo. Mtajie kilima, ataona kilima. Mtajie upatanisho, atatazama dari. Kwanza apewe kilima, upatanisho utafuata.

Na sisi tulikuwa na desturi hiyo. Uamsho ulipofika Kabete mwaka 1937 pamoja na ndugu kutoka Rwanda, watu wengi ambao hawakujua kusoma walipokea imani kwa kuimba. Wimbo wa Tukutendereza ulikuja kwa Kiganda, na kwa Kiganda unaimbwa hata leo. Lakini muulize mjukuu maana ya neno hilo. Wengi hawajui kwamba ni "tunakusifu". Wimbo usioelezwa ni sauti tamu tu, kwa hiyo imbeni kwa lugha ambayo mtoto anaota nayo, iwe Kikuyu, Kikamba au Kiswahili. Ubeti mmoja kwa juma moja watosha.

Mama mmoja wa Ruiru alikuwa akikata sukuma wiki huku akiimba wimbo wa damu ya Yesu itakasayo. Mtoto wake akamwuliza, "Mama, si damu huchafua nguo? Inasafishaje?" Wapendwa, juu ya swali hilo wanafunzi wa chuo cha theologia huandika kurasa nyingi! Mama huyo hakumkemea wala hakumwambia angoje kipaimara. Aliweka kisu chini, akamsimulia habari za usiku ule wa Misri, mwana-kondoo, na damu iliyopakwa miimoni ili mauti ipite. Kisha akamwambia kwamba Yesu ndiye Mwana-kondoo wetu. Mtoto akauliza swali lingine, na mboga ikachelewa. Hilo ni somo la Biblia kamili, ingawa hakuna aliyeliita hivyo.

Mimi sipingi kwaya ya vijana wala vyombo vyao, ingawa vipaza sauti vingine vyatutia uziwi. Ninalohuzunikia naliona makaburini. Wazee wanaimba kwa moyo huku machozi yakiwatoka, na vijana wamesimama kimya au wanatafuta maneno katika simu. Siwalaumu. Hawakupewa nyumbani.

Paulo na Sila walipofungwa Filipi, usiku wa manane, miguu ikiwa katika mkatale, hawakuwa na kitabu wala taa. Waliimba yaliyokuwa ndani yao tangu zamani. Mtoto wako atakapokwenda shule ya bweni ataiacha simu nyumbani. Usiku atakaposhikwa na homa, au kupokea habari za msiba, wewe ukiwa mbali, atakuwa na yale tu aliyokwisha kuyabeba moyoni.

Basi anzeni leo jioni, sahani zikiisha kuondolewa. Ukichelewa kurudi, imbeni asubuhi mkivaa viatu. Wala baba asiseme ana sauti mbaya; watoto hawajali, na majirani wamekwisha kuzoea redio yake.