Jina Lako au Jina la Duka: Lipi Nafuu kwa Mwajiriwa?

Wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam siku hizi wana ajira yenye mshahara na biashara ya pembeni ya jioni. Juu ya hizo mbili imeongezeka kazi ya tatu, isiyo na malipo: kujulikana. Hii ndiyo inayokula fedha bila hesabu. Mtu anapiga picha studio, analipia tangazo Instagram, ananunua tiki ya bluu, na mwezi ukiisha hajui kama jina limemletea mteja au limepunguza mshahara tu. Tuziweke bei mezani.

Gharama kubwa kuliko zote ni muda, nayo haina risiti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, ukiugawa kwa saa hizo, anapata kama shilingi 5,100 kwa saa. Akitumia saa 10 kwa wiki kurekodi video, kuzihariri na kujibu maoni, ametoa zaidi ya shilingi 220,000 kila mwezi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kujitangaza mtandaoni ni bure. Kama biashara yako ya pembeni haiingizi faida ya kiasi hicho, punguza video kabla hujapunguza kitu kingine.

Linganisha sasa na karatasi za usajili. Kusajili jina la biashara BRELA ni shilingi 20,000, na TIN ya TRA hailipiwi. Kampuni yenye mtaji mdogo kabisa inapita laki moja na nusu kwa ada za usajili peke yake, kisha zinafuata taarifa za kila mwaka, hesabu zilizokaguliwa na kodi ya asilimia 30 ya faida. Kwa aliye bado kazini, sioni sababu ya kukimbilia kampuni, isipokuwa kama kuna mteja au tenda inayoidai. Lakini usajili wa jina la biashara haukupi ulinzi wa alama ya biashara. Hiyo huombwa kivyake, na Tanzania Bara hudumu miaka 7 kabla ya kuhuishwa. Aliyeko Zanzibar aende BPRA, maana msajili wa huko ni mwingine.

Je, fedha hizo zijenge jina gani? Chukua watu wawili. Wa kwanza ni karani wa benki anayeoka keki za harusi usiku. Huyu asiweke jina lake mbele. Keki inaweza kuokwa na msaidizi, duka linaweza kuuzwa au kurithiwa, na jina la duka halimwingizi bosi wake kwenye mazungumzo kila linapotajwa.

Wa pili ni mtu wa TEHAMA anayeshauri maduka kuhusu mifumo ya mauzo. Mteja wake ananunua kichwa chake, kwa hiyo jina lake halisi ndilo litakalouza. Ila lina gharama yake. Kampuni inayomlipa hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kabla ya kumpa chake. Anayepanga bei akasahau hizo asilimia 5 anajikuta amepokea pungufu ya bei aliyoitaja. Taaluma nyingine zina mipaka mikali zaidi: wakili, kwa mfano, anabanwa na kanuni za maadili katika kujitangaza.

Huyu wa pili ndiye aliye karibu zaidi na hatari ya mwajiri. Ujuzi anaouza jioni ni uleule anaolipwa asubuhi, na mteja wa kampuni anaweza kumpigia simu yeye moja kwa moja. Hapo ndipo mgongano wa maslahi unapoanza, hata kama hakukusudia ubaya. Omba ruhusa kwa maandishi. Tumia laini ya simu tofauti, kompyuta yako mwenyewe, na usipige picha zenye nembo ya ofisi. Haya yote ni nafuu ukiyalinganisha na kupoteza ajira.

Kuacha kazi nako kuna bei. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiri hutoa nusu. Kwa mshahara wa 1,000,000 hiyo ni laki moja kila mwezi ambayo aliyejiajiri ataitoa mfukoni mwake, mbali na bima ya afya. Faida ya biashara ikilingana na mshahara, bado haijaufikia.

Kuhusu tiki ya bluu, Meta ilipoanza kuiuza mwaka 2023 ilitoza dola 14.99 kwa mwezi kwenye simu, karibu dola 180 kwa mwaka. Anwani yako mwenyewe ya tovuti yenye .com ni dola 10 hadi 15 kwa mwaka mzima. Mitandao si mali yetu. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita dunia nzima, na Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa Tanzania. Aliyekuwa na namba za wateja wake kwenye daftari aliendelea kuuza.

Kwa hiyo, kwa mwajiriwa wa mshahara wa kawaida, nunua jina la BRELA, laini ya pili na anwani ya tovuti. Tiki na kampuni vingoje. Na kabla ya kulipia tangazo lijalo, fungua mkataba wako wa ajira, usome kipengele kinachohusu kazi za nje.